Kompaila inaanguka kila mara mahali papya: nitajuaje kama ni prosesa?

SWALI: "Habari za kazi, mwalimu. Niko Arua. Ninaandika kwa C++ programu ya kuhesabu dawa za kituo cha afya cha daraja la tatu. Mwezi uliopita nililetewa kwa basi kutoka Kampala kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye viini 8. Tangu hapo kujenga mradi wote kunanishinda. gcc inakatika na kuandika 'internal compiler error: Segmentation fault', leo kwenye faili hili, kesho kwenye lile. Nikirudia mara tatu nne inapita. Nimeweka Ubuntu upya mara mbili, nimenunua memori mpya, bado. Fundi wa hapa anasema prosesa haiharibiki hivyo, ama inawaka ama haiwaki. Sina tena pesa ya kubahatisha. Nianzie wapi?"

JIBU: Mdogo wangu, pole na hasara. Ndani ya maelezo yako kuna maneno machache ambayo kwangu yana uzito kuliko yote: "nikirudia mara tatu nne inapita." Ungeniandikia hayo tu, ningekushauri uiache Ubuntu ilivyo na uweke pesa ya memori mfukoni.

Kompaila kama gcc, yaani programu inayogeuza maandishi yako ya C++ kuwa programu ya kuendeshwa, haina bahati nasibu ndani yake. Ukiipa faili lilelile, toleo lilelile na maagizo yaleyale, inatakiwa itoe kitu kilekile hadi baiti ya mwisho, leo na mwakani. Ikiwa na hitilafu yake yenyewe, na huwa nazo, itaangukia palepale, mstari uleule, hata ukirudia mara mia. Kosa linalohamahama kutoka faili hadi faili halitoki kwenye maandishi yako wala kwenye gcc. Linatoka chini yake: memori, umeme, joto, au prosesa. Waandishi wa gcc wenyewe wanalijua hili. Katika matoleo ya siku hizi, kompaila ikianguka kwa ndani hujaribu tena kazi ileile, na isipoanguka kwa namna ileile huandika: "The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem." Pandisha juu maandishi ya skrini yako uutafute mstari huo. Watu wengi huupita wakikimbilia neno Segmentation fault.

Huenda unajiuliza kwa nini sinema zinacheza vizuri, kivinjari kinafunguka, na kompaila tu ndiyo inayolia. Ni kwa sababu ya aina ya kazi yake. Inaposoma faili lako la C++ hujenga kwenye memori mtandao mkubwa wa vitu vinavyoshikana kwa anwani: hiki kinaelekeza kwa kile, kile kwa kingine, mamilioni kwa mamilioni. Tuseme anwani mojawapo ni 7f3a5c0012a0. Biti moja tu igeuke, ile herufi ya nne, "a", inakuwa "e", na sasa ni 7f3e5c0012a0. Pengine hapo hakuna kitu kabisa. Kompaila inanyoosha mkono gizani, kerneli (programu kuu ya Linux inayosimamia memori) inaukata. Biti hiyohiyo ikigeuka ndani ya sinema, nukta moja ya skrini inabadilika rangi kwa sehemu ndogo ya sekunde na hakuna anayeona. Tena kompaila ikipewa viini vyote (sehemu za prosesa ambazo kila moja hufanya hesabu zake) hufanya kazi vyote kwa pamoja, kwa dakika nyingi, bila kupumzika. Ndiyo maana mafundi wa Linux tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiijenga kerneli mfululizo kama kipimo cha mashine mpya.

Sasa nije kwa fundi wako. Simlaumu, kwa sababu mara nyingi yuko sahihi: katika mashine ninazoletewa, memori mbovu na hitisinki (chuma cha kuipoza prosesa) iliyolegea ni nyingi kuliko prosesa mbovu. Lakini kusema prosesa ama inawaka ama haiwaki si kweli, na wanaoendesha mashine kwa maelfu wameshalithibitisha. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza jinsi mafaili yalivyokuwa yakipotea kwenye kazi moja ya kufungua data iliyobanwa. Walifuatilia hadi wakafika kwenye mashine moja, kisha kwenye kiini kimoja, namba 59. Kiini hicho kilipoambiwa kizidishe 1.1 kwa yenyewe mara 53 na kutoa sehemu nzima ya jibu, kilitoa 0. Jibu sahihi ni 156. Hesabu nyingine kilizifanya vizuri, na mashine iliwaka kama kawaida. Mwaka huohuo watu wa Google nao waliandika kwamba wanakuta viini vichache vya aina hiyo katika kila maelfu kadhaa ya mashine. Kimoja walichokieleza kilikuwa kikikosea kufunga data kwa siri na kukosea vilevile kuifungua, kwa hiyo ndani ya kiini hicho kila kitu kilionekana sawa. Ukiipeleka data kwenye kiini kingine uifungue, unapata takataka.

Kwa hiyo prosesa inaweza kuwa mgonjwa anayetembea, tena katika kiini kimoja tu kati ya vinane. Hata hivyo usiihukumu kabla ya kuwaondoa washukiwa wengine, kwa sababu wao ni wa bei nafuu na wengi wao hupimwa bila shilingi hata moja.

Kwanza hakikisha si njaa ya memori. Hiyo inafanana na tatizo lako kwa mbali lakini ni kitu kingine. Memori ikijaa, kerneli huua mchakato mmoja, na gcc huandika "Killed signal terminated program cc1plus". Hapo neno ni Killed, si Segmentation fault. Dawa yake ni kupunguza kazi za pamoja: badala ya make -j16 tumia make -j4. Kwa maelezo yako sidhani ndiyo, ila tazama.

Pili, ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Ubuntu haijawaka, urudishe yote ya kiwandani. Mashine iliyopita mikononi mwa mtu mwingine huenda iliongezwa kasi, au ilipunguziwa volteji ili isipate joto, na mwenyewe hakumwambia muuzaji. Zima pia ule mpangilio wa kuharakisha memori unaoitwa XMP au EXPO. Kama memori mpya umeichanganya na ya zamani, chomoa moja ya hizo. Baada ya kila badiliko, jenga mradi mara kumi mfululizo, bila kubadili kitu kingine chochote. Hili la "kitu kimoja kwa wakati" nakusihi ulishike. Ulipoweka Ubuntu upya na kununua memori kwa pamoja, hata kama tatizo lingeondoka usingejua ni lipi lililoliondoa.

Tatu, joto. Kompyuta yako ilikuja kwa basi usiku kucha kutoka Kampala, na hilo nimelikuta mara nyingi: hitisinki nzito inaning'inia kwenye madabodi, matuta yanaitikisa, klipu moja inaachia. Mashine inawaka, feni inazunguka, lakini upande mmoja wa prosesa haugusani vizuri na chuma. Fungua kifuniko, ishike hitisinki kwa vidole uijaribu kwa upole. Haitakiwi icheze hata kidogo. Kama inacheza, au kama pesti ya kupitisha joto iliyo chini yake imekauka na kuwa ungaunga, safisha kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere, ifunge kwa kukaza skrubu za pembe zinazotazamana. Kisha weka lm-sensors, programu ya kusoma joto, na huku ukijenga mradi acha dirisha jingine likiendesha "watch sensors". Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzijoto 95 hadi 100. Ukiona unafika huko ndani ya dakika moja, umepata pa kuanzia.

Nne, umeme, na hapa nitasema kifupi. Pawasapulai dhaifu, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, kwa kawaida huizima mashine au kuiwasha upya, haichagui kumwangusha gcc peke yake. Lakini inatokea. Kama una inveta ya sola, jenga mradi mara kumi ukiwa kwenye sola na mara kumi ukiwa kwenye umeme wa laini. Tofauti ikiwa kubwa, azima pawasapulai nyingine kwa siku moja. Kuazima, si kununua.

Tano, memori. Tumia Memtest86+, iweke kwenye flashi, washa mashine kutoka hapo na uiache usiku kucha ipite mizunguko kadhaa. Kosa moja tu linatosha kuwa kosa, usiambiwe "moja si kitu". Likitokea, pima kila kipande cha memori peke yake, kisha kipande kilekile kwenye tundu jingine. Angalia kosa linafuata nini. Likikifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye tundu hata ukibadili vipande, usikimbilie kuilaumu madabodi, kwa sababu kidhibiti cha memori siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe: AMD walikihamishia humo tangu 2003, Intel tangu 2008. Memori mpya uliyonunua isingeweza kuponya hilo. Na Memtest ikipita usiku mzima bila kosa, memori imepunguziwa shaka, haijaachiwa huru kabisa, kwa sababu kipimo hicho hakiipashi prosesa joto kama kompaila inavyofanya.

Ukifika hapa na tatizo bado lipo, sasa tuitazame prosesa kwa karibu.

Anza kwa kuuliza kerneli. Andika "sudo dmesg | grep segfault" mara baada ya kuanguka. Mianguko ambayo gcc huikamata na kuiripoti yenyewe kwa kawaida haiandikwi humo; utakayoiona ni ya programu nyingine zinazoanguka wakati wa kujenga. Tangu Linux 6.1 kerneli huongeza mwishoni mwa mstari maneno kama "likely on CPU 5 (core 5, socket 0)". Wanasema "likely" kwa sababu mchakato unaweza kuwa umehamishwa kiini kabla mstari haujaandikwa, kwa hiyo usiamini mstari mmoja. Kusanya ishirini. Miaka si mingi iliyopita niliketi na mashine ya kijana mmoja hapa Kampala, yenye viini 8 na nyuzi 16 kama nyingi za aina hiyo (kila kiini hujionyesha kwa Linux kama wafanyakazi wawili, ndio nyuzi), nikawa naandika namba kwa kalamu kwenye karatasi: 5, 13, 5, 5, 13, 5. Nilidhani ni viini viwili vibovu. Kisha nikaendesha "lscpu -e", ambayo huonyesha nyuzi zipi zinakaa kiini kimoja, nikakuta 5 na 13 ni milango miwili ya chumba kimoja. Hapo nilijua. Memori mbovu isingechagua chumba. Umeme mbovu usingechagua chumba.

Tazama pia "sudo journalctl -k | grep -iE 'mce|hardware error'". Prosesa zina walinzi wa ndani wanaokagua kashe (memori ndogo iliyo ndani ya prosesa) na njia zake, na wakikuta kosa hupiga ripoti humo. Ukiiona ripoti, ni ushahidi mzito. Usipoiona, hujathibitisha chochote. Mganga hajigangi, na kiini kinachokosea hesabu mara nyingi hakijui kwamba kimekosea. Kile namba 59 cha Facebook hakikupiga kelele.

Baada ya hapo, fanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chukua faili moja kubwa la mradi wako, lisilotumia __DATE__ wala __TIME__ (hizo huingiza tarehe na saa ndani ya kinachotoka), ulikompaili mara 200 kwenye uzi mmoja tu:

for i in $(seq 200); do taskset -c 5 g++ -O2 -c dawa.cpp -o /tmp/t.o && sha256sum /tmp/t.o; done | sort | uniq -c

Amri ya taskset inaifunga kazi kwenye uzi namba 5, na sha256sum inachukua alama ya vidole ya kilichotoka. Kwenye kiini chenye afya utaona mstari mmoja tu, na mbele yake 200. Rudia kwa 0, 1, 2, hadi mwisho. Fanya mara mbili: mara ya kwanza mashine ikiwa imetulia, mara ya pili viini vingine vikiwa vimepewa mzigo wa stress-ng, programu ya kuichosha prosesa. Kuna viini vinavyokosea vikiwa peke yao kwa sababu hapo ndipo vinapopewa kasi ya juu kabisa, na vingine vinakosea wenzao wakiwa moto na volteji ikishuka. Kama una muda, endesha pia mprime kwa "mprime -t". Inafanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana na hutaja ni mfanyakazi gani aliyekosea.

Kwenye mashine ya yule kijana, nyuzi zote zilizo nje ya kiini hicho zilitoa mstari mmoja. Ya 5 ilitoa mistari mitatu. Jumla yake haikufika 200, maana mara kadhaa gcc ilianguka. Hiyo niliitarajia. Kilichonifanya niweke kalamu chini ni ile mistari miwili ya ziada: mafaili ambayo kompaila iliyamaliza vizuri, bila lalamiko, bila onyo, na ndani yake hayakuwa sawa na mengine. Shikilia hilo, nitalirudia.

Ukikipata kiini, kizime ujaribu: "echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu5/online", na vivyo hivyo kwa uzi mwenzake. Jenga mradi mzima mara ishirini. Ukipita yote ishirini, ukikiwasha tena ikaanguka, ukikizima tena ikapita, unaweza kumwonyesha muuzaji na fundi bila kubishana. Kumbuka amri hiyo husahaulika mashine ikizimwa, na kiini namba 0 kwa kawaida hakikubali kuzimwa.

Hukuniambia prosesa yako ni ya aina gani, na hilo lina maana. Andika "lscpu" utazame. Kama ni Ryzen za mwanzo kabisa za 2017, baadhi zilijulikana kwa ugonjwa huuhuu ulionao: kujenga programu kwa viini vyote kwenye Linux kuliziangusha, AMD wakakiri Agosti mwaka huo na kuwabadilishia wateja. Kama ni Core ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, Intel walikiri 2024 kwamba volteji ya juu kupita kiasi ilikuwa ikizizeesha baadhi yake kabla ya wakati, wakatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa yanayoweza kusasishwa) namba 0x129 Agosti 2024 na nyingine baada yake, na wakaongeza dhamana ya zile zinazouzwa katika boksi kwa miaka 2 hadi kufikia 5. Andika "grep -m1 microcode /proc/cpuinfo" uone uliyo nayo, usasishe BIOS. Maikrokodi hiyo inazuia uharibifu usiendelee, haimponyi aliyekwisha kuharibika. Kwa hiyo sasisha, kisha rudia kipimo cha 200 palepale.

Usichanganye hayo na kasoro ya usanifu kama ile ya Pentium. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa Virginia, Thomas Nicely, aliona majibu ya kugawanya yakikosea. Ukigawanya 4195835 kwa 3145727 ulitakiwa upate 1.33382, Pentium ikakupa 1.33374. Kosa hilo lilikuwa kwenye mchoro, kwa hiyo kila prosesa ya aina hiyo ilikosea palepale, kila mara. La kwako linakuja na kuondoka. Hiyo ni prosesa moja iliyochoka au iliyozaliwa na upungufu, na kuibadilisha kwa nyingine ya aina ileile kunatosha. Huhitaji kununua madabodi mpya, na mtu akikuambia ununue vyote viwili, muombe kwanza akuonyeshe kosa likifuata madabodi.

Kwa muuzaji nenda na karatasi: matokeo ya kila uzi, tarehe, namba ya maikrokodi, joto wakati wa kipimo. Nenda na mashine nzima. Nimeona wauzaji wanaobisha kwa saa nzima wakinyamaza wanapoona kiini kikizimwa na kuwashwa mbele yao, na tatizo likienda na kurudi nacho. Akikataa kabisa na huna pesa ya nyingine, fanya kazi na kiini kibovu kikiwa kimezimwa, ukiweka amri hiyo iendeshwe kila mashine inapowaka. Nakubali hilo kwa mashine ya kujifunzia. Kwa mashine inayotengeneza programu ya hospitali, silikubali.

Nalirudia sasa lile la mafaili mawili. Umesema ukirudia mara tatu nne inapita, na nadhani umekuwa ukishukuru inapopita. Mimi ndilo linalonitia hofu. Gcc inapoanguka inakulinda, maana hakuna programu inayotoka. Inapopita kwenye kiini kinachokosea, huna namna ya kujua kwa macho kama mahali fulani ndani alama ya kujumlisha imekuwa kutoa, au idadi ya vidonge imeshikwa kwenye anwani isiyo yake. Huko kituoni kuna muuguzi anayetazama skrini yako aamue kama aagize dawa ya malaria wiki hii au asubiri.

Kwa hiyo kabla hujagusa skrubu yoyote, azima laptopu ya mtu leo. Weka toleo lilelile la Ubuntu na la gcc, weka mradi kwenye folda yenye jina lilelile, ujenge, ulinganishe sha256sum na programu uliyoipeleka. Zikifanana, umepumua. Zisipofanana, usipoteze muda kutafuta kwa nini: peleka iliyojengwa kwenye laptopu, kisha keti na mtunza stoo na daftari lake la karatasi, mhesabu upya kila dawa iliyoingizwa tangu siku mashine hiyo iliposhuka kwenye basi. Anzeni na zile zenye idadi kubwa. Database yenyewe usiifungue tena kwenye kompyuta hiyo, hata kwa kusoma tu, mpaka prosesa itoke.